Kurudisha Nyuma

Badi wa Mwembe Tayari kaniwekea ya saba chini ya meza,
nakala halisi, plastiki haijachanwa,
na bei yake, Mungu wangu, kilo mbili za nyama.
Kule Nyali ilionyeshwa tangu mwezi wa tatu.
Sisi wa Magongo twangoja diski.

Baba hajali nani mwana wa nani,
wala nani alimsaliti nani kwenye sehemu ya nne.
Miaka thelathini na moja alikaa juu ya kreni, Kilindini,
akishusha makontena usiku
kama mtu atuaye trei ya mayai.
Anachongoja ni merikebu ya nyota itie nanga.

"Hapo. Rudisha."
Narudisha.
"Mzigo ule wayumba. Huko hakuna upepo, sivyo?
Basi wayumbishwa na nini?"
Narudisha.
Watu elfu waokolewa mara ya tano,
sayari yalipuka, yajiunga, yalipuka,
chai yetu yashika utando.
Mama auliza kama tutamaliza mwaka huu.
Mbeyu kalala na kiatu kimoja mguuni.

Kisha mkono wa baba, ule wa vidole vitatu,
waondoka gotini,
washika hewa,
wavuta wenzo usiokuwepo, taratibu,
taratibu zaidi,
na merikebu ile, kubwa kama Changamwe nzima,
naapa,
yatua bila kishindo.

Ashusha pumzi. Apapasa kikombe.
"Haya," asema. "Sasa washuke."