Deraya ya Kuazima

Ilidondoka usiku wa Jumanne, mwezi wa Januari,
kutoka tumboni mwa jitu lenye pembe saba
nililoliua mara mia na kumi na nne kwa ajili yake:
deraya kuukuu, kinga haba, rangi ya sufuria iliyoungua,
na chini kabisa, kwa hati ya dhahabu, mstari mmoja:
Humpa mvaaji Mruko wa Mwanasihiri, ngazi ya kwanza.

Mimi ni mtu wa shoka. Nimeumbwa kupiga na kupigwa.
Miaka sita kidole changu kimejua kitufe kimoja.
Kufika ng'ambo ya mto wa moto, sisi wa shoka
huzunguka: daraja, ngome, mapango mawili,
huku wanasihiri wakipepesa tu, hapa hayupo, pale yupo,
na kutusubiri kwa dharau kando ya sanduku
walilokwisha kulifungua.

Nikaivaa.
Kinga yangu ikaporomoka kama theluji ya paani.
Alama ya buluu ikachipuka pembeni mwa kioo
mahali ambapo hapakuwahi kuwa na kitu.
Nikabonyeza, nikatoweka,
nikatokea katikati ya mashetani kumi na wawili
bila sihiri iliyobaki hata ya kukohoa.
Chupa ya buluu ya mtu wa shoka ni kisoda:
miruko miwili, basi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Kweli. Yalikuwa nje, yangu,
mbele ya mashetani kumi na wawili.
Lakini nilikuwa ng'ambo.

Radosz wa Gdynia, ambaye sijawahi kumwona uso,
akaniandikia alfajiri: Iuze.
Nakupa shoka la mfalme na vito vitatu juu yake.
Wewe hukuzaliwa kuruka.

Wiki ileile, hapa Łódź, Bogna aliteleza kwenye barafu
mbele ya duka la mikate,
kifundo cha mkono wa mkasi kikavunjika mahali pawili.
Saluni yake ina viti viwili na kioo chenye ufa.
Ijumaa Bi Pelagia, miaka themanini na mmoja,
akagonga mlango uliofungwa, akagonga tena:
mjukuu anaoa kesho, na kichwa chake, alisema,
si kiota cha kunguru.
Bogna akanitazama.
Mimi, fundi wa tramu, grisi hadi kwenye kucha,
ambaye nimewahi kukata nyaya tu.

Akavua aproni kwa mkono mmoja, akanivisha shingoni,
mifuko imejaa vibanio, harufu ya dawa ya nywele,
akaketi kiti cha pili na hogo lake la plasta
amelipakata kama mtoto wa jirani.
"Lowesha kwanza. Shika kwa vidole viwili.
Siyo hivyo. Hivyo.
Na mkasi usiufunge wote."

Ngazi ya kwanza. Jasho lilinitoka
kama niliyebeba injini peke yangu.
Nyuma ya sikio la kushoto mkasi ulikula
mpaka ngozi ikachungulia.
Bi Pelagia akageuza kichwa kulia, kushoto,
akanyamaza muda mrefu,
akasema kofia itaketi vizuri,
akalipa nusu.

Mchezoni ukivua deraya alama hufutika papo hapo,
kidole hubaki kikibonyeza hewa.
Usiku ule niliitundika aproni msumarini, nikalala.
Bogna anasema vidole vyangu viwili
viliendelea kukutana na kuachana juu ya blanketi,
taratibu,
bila kufunga kabisa.

Radosz sijamjibu bado.
Shoka la mfalme, nakiri, ni shoka zuri.