Kabla Hujachimba

Elinami, kabla hujapandisha mabomba Uru,
kabla hujapigilia vigingi vyekundu katika migomba ya watu,
chukua hiki.
Nilikipata Kiboriloni chini ya rundo la makoti.
Muuzaji alitaka bei ya kilo ya sukari, nikampa
bila kuomba apunguze, nami unanijua kwa ubahili.

Jalada lilishang'oka. Limebaki uzi na gundi kavu.
Ndani kimeandikwa *Zamu ya Maji*,
na mwandishi wake ni karani wa mizani ya kahawa:
mchana akipima magunia, usiku akiwahoji wazee
habari za mifongo, nani alichimba, nani aliziba,
na Jumanne ile maji yalikuwa ya nani.

Sikudanganyi, sura ya kwanza inachosha.
Mababu wanazaana kurasa kumi na mbili bila kupumua. Iruke.
Na picha! Kibo imechapwa ikawa sufuria iliyofunikwa.
Anzia hamsini na tatu,
koo mbili zinapogombea mfereji mmoja,
kila moja ikiapa ndiyo iliyoyaonyesha maji njia.
Mwingine angeamua. Huyu kaandika:
"Nimewasikiliza wote. Nimerudi nyumbani na kiu."
Nilicheka peke yangu dukani,
mteja akadhani nacheka viatu vyake.

Halafu, taratibu, fika themanini na nane.
Pana orodha ya waliochimba mfongo mkubwa,
wanaume arobaini na mmoja, kila mtu na babaye.
Chini yao, mstari huu:
"Wanawake walikatazwa kuukaribia. Walibeba ndizi na mbege
hadi pale walipoambiwa, simameni.
Hakuna aliyenitajia majina."
Kisha nafasi nyeupe, upana wa vidole vitatu,
kana kwamba karani ameachia mizani, anangoja itulie.

Na wapo walioitikia.
Kwa penseli, mwandiko wa kulala: Ndeambiliasia.
Kwa wino wa buluu: Mama Kirita, mwenye chongo.
Chini kabisa, kwa kalamu ya kuandikia madeni ya duka,
bibi yangu Anaeli,
ambaye shingo yake ililala kushoto mpaka tunamzika,
na sisi wajukuu tulimwigiza tukidhani ni maringo.

Sasa unaona kwa nini siazimi ovyo.
Wewe una darubini ya miguu mitatu,
unausoma mteremko hadi nukta.
Wao waliusoma kwa nyayo, na wengine
kwa mzigo tu, wakiwa mbali na maji.
Ukifika kwenye ile nafasi usifunue upesi.
Mpigie mama yako. Muulize mama yake alibeba nini,
na alisimamishwa wapi.

Nirudishie Jumamosi, au hata ile nyingine.
Kikija na tope sitanuna.
Penseli nimeiweka katikati ya kurasa.
Haina ncha. Tafuta kisu.