Toleo la Arobaini na Moja

Wapendwa wa Harrowdale,
naandika ndani ya treni ya saa nne usiku,
behewa lisilo na joto, kompyuta magotini, koti sijalivua.
Mmeshasikia. Waziri Mkuu alitoka mlangoni saa tano asubuhi,
akasoma karatasi moja ambayo upepo uliitaka,
akarudi ndani. Dakika sita.
Habari niliipata kama mlivyoipata ninyi,
kwa simu, nimesimama foleni ya chai.

Callum wa ofisini kwangu alinitayarishia aya ya kwanza.
Ilikuwa na "kipindi cha mpito" mara tatu
na "utulivu" mara nne.
Nimeifuta. Aliyetulia hatangazi.

Wagombea ni watano. Jana walikuwa wanane.
Ghafla kila mmoja analijua jina langu la kwanza;
mmoja aliniuliza hali ya mama,
niliyemzika mwaka juzi.
Wananishika kiwiko ukumbini,
wananinong'onezea wizara
kama mtu anayeuza saa za magendo kutoka mfukoni.

Jumatatu nitapiga kura, kwa siri, kwa penseli.
Ninyi elfu sabini na mbili hamtapiga.
Bi Doreen Askwith ameniandikia kuuliza
ni nani aliyenituma nimchagulie kiongozi.
Ni wewe, Bi Askwith, na si wewe.
Nimeligeuzageuza jibu hilo tangu Doncaster
na bado halijakaa sawa.

Sasa lile linaloninyima usingizi.
Bwana Wilfred Tranmer, Mill Lane namba tisa,
yule aliyekuwa akitia grisi kengele za kanisa.
Mnajua maji ya Februari yalimpandia hadi kwenye swichi.
Anaishi ghorofani na jiko la gesi la kambini,
anashuka ngazi na tochi, kuangalia tu.
Fidia yake ilingoja sahihi moja.
Waziri wa kwanza alijiuzulu, akataja dhamiri.
Wa pili alidumu siku kumi na moja;
alinikaribisha vizuri, biskuti na kila kitu,
akasema faili lipo juu kabisa ya rundo.
Leo nimepita. Rundo limehama.
Mezani umebaki mduara wa kikombe,
na mlangoni kijana anabandua jina kwa wembe,
herufi kwa herufi.
Nikamuuliza habari za faili.
"La nani?" akasema, bila kugeuka.

Husemwa wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi.
Mill Lane hakuna nyasi.
Kuna zulia lililooza, limekunjwa uani,
na harufu ambayo majirani wameacha kuitaja.

Wala mimi si mtazamaji.
Toleo la thelathini na tisa, ukurasa wa mbele,
nimesimama nyuma yake kwa hatua moja, natabasamu.
Niliandika kwamba yuko imara.
Hakuna aliyenishika mkono.
Kama mnalo, msilitupe.

Mengineyo:
basi namba hamsini na nane limerudi, isipokuwa Jumapili.
Daktari wa meno, bado.
Daraja la Kirk Beck wamelipima tena,
maana waliolipima mwanzo walipoteza vipimo.

Kesho Jumamosi niko maktaba, saa nne hadi saa saba.
Bwana Tranmer, njoo na karatasi zako upya, zote,
hata zile zilizolowa zikagandana; tutazibandua polepole.
Mashine ya kunakili nimeilipia mwenyewe.
Barua kwa waziri tutaiandika hapo hapo,
tuache pengo mahali pa jina.

Treni imesimama pasipo na kituo.
Nje ni giza na macho ya kondoo.
Hakuna aliyetutangazia kwa nini.

Wenu,
Hilary Thackwray

Nyongeza. Bi Askwith, nilikupigia saa kumi jioni.
Mwanao alisema umelala.
Nikasikia, nyuma yake, ukimwambia aseme hivyo.
Nitapita mwenyewe.