Kitanda cha Kumi na Saba

Saa tisa usiku Ulaanbaatar,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
moshi wa makaa umekaa juu ya mtaa kama mdai asiyetaka kuaga.
Simu inatetemeka chini ya mto:
"Nomindari, mfumo umeganda. Tiketi hazikatiki."

Nafungua orodha.
Miamala thelathini imesimama, yote imeshika pumzi.
Wa mbele ulianza saa mbili na dakika nne:
treni ya kaskazini, behewa la sita, kitanda cha kumi na saba.
Haukuthibitisha. Haukutangua.
Umeketi kizingitini, ufunguo mkononi,
na nyuma yake watu wanabonyeza, wanabonyeza.

Kosa ni langu. Niliandika mimi, wakati wa joto, nikijiona fundi:
ukurasa wa kwanza, anza muamala;
wa pili, chagua kitanda;
wa tatu, lipa, ndipo uthibitishe.
Uzi mmoja toka mwanzo hadi mwisho, nikasema,
aliye safarini usimwachie mkono.
Kwenye meza yangu ulifanya kazi.
Kwenye meza yangu kulikuwa na abiria mmoja,
naye alikuwa mimi.

Lakini mtandao haujui safari.
Kila ombi hupiga hodi, huhudumiwa, huaga,
na likirudi limesahau lilikwisha kuja.
Kati ya hodi na hodi kuna maisha ya mtu,
na mimi nilikuwa nimeyafungia ndani ya kufuli langu.

Niliuua ule muamala kwa amri moja.
Sekunde nne, kitanda kikachukuliwa na mtu wa Darkhan.

Asubuhi, kinyume cha kanuni, nikapiga ile namba.
Bibi Tserenlkham, wa Sainshand.
"Nilikwenda kutafuta miwani, mwanangu, nisome kadi ya benki.
Kisha jirani akaja mbio, mbuzi wake anazaa,
si wakati wake, na baridi hii!
Tukakibeba kitoto ndani, tukakilaza karibu na jiko.
Niliporudi kioo kilikuwa cheusi.
Kitanda changu kipo?"

Nikasema hakipo.
Nikasikia jiko likinguruma upande wa pili,
na kitu kidogo kikilia kwa sauti ya mlango mkavu.
"Basi wiki ijayo," akasema. "Huyu naye atakuwa amesimama."

Nimeandika upya siku tatu, chai ya chumvi ikipoa.
Sasa ukichagua kitanda naweka kikaratasi tu:
fulani anakitaka, hadi saa fulani.
Kufuli hakuna. Hifadhidata inalala.
Kila kitanda kina namba ya toleo pembeni,
nawe unaondoka nayo mfukoni,
uende kwenye miwani yako, kwenye mbuzi wako.
Ukirudi kulipa nauliza jambo moja:
namba uliyonayo ndiyo niliyonayo?
Ikiwa ndiyo, fungua, andika, thibitisha, funga,
kufumba na kufumbua.
Ikiwa siyo, samahani, umetanguliwa;
tazama, cha kumi na tisa kiko wazi, cha chini, karibu na birika.

Zolboo anasema ni ukatili
kumwambia mtu mwishoni kwamba amekosa.
Labda. Sina jibu zuri.
Najua tu kwamba thelathini walikesha
wakingoja kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekishika.

Maji yakimwagika hayazoleki, watu husema.
Ndani ya muamala huzoleka hadi tone la mwisho,
ila usiyaache yakitiririka usiku kucha ukaita huo ni uangalifu.

Tangu hapo, Zolboo akiniletea wazo jipya,
limechorwa vizuri, mishale imenyooka,
ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu,
namuuliza kabla hajakaa:
na akienda kutafuta miwani?