Nimelala Porini

Niliinunua mnadani kwa bei ya mbuzi kumi na mmoja,
nyuma ya ghala la Idara ya Maji: Landrova mia na tisa
iliyokalia matofali miaka kumi na minne,
kuku wa mlinzi wakitagia kiti cha dereva.
Dalali alicheka. Mama, hilo ni chuma cha kupima kilo.
Nikamwambia, pima.

Gereji ya Ndahani, pale Kizota, haina paa;
ina mnyororo na kelele.
Aliizunguka mara mbili kama anayenunua ng'ombe,
akagonga chesisi kwa nyundo, akasikiliza.
Hapa nzima. Hapa nzima. Hapa...
nyundo ikapita hadi upande wa pili.
"Kutu hii," akasema, "imekula kama deni."

Basi tukaanza kulipa.
Bati la sakafu. Bushi za springi. Difu tuliipata Mpwapwa
kwa mjane aliyekuwa akifungia punda.
Gia boksi ilikaa wiki nzima juu ya gunia,
imeanikwa kama karanga,
na Nyemo, kijana wa Ndahani, aliyemaliza darasa la saba juzi,
ndiye pekee aliyekumbuka kila kipande kinakokaa.

Wapita njia waliuliza itabeba nini.
Mkaa? Zabibu? Maji ya kuuza Nkuhungu?
Niliitikia kila kitu. Ukweli ulinitia aibu kidogo:
nilikuwa naitengenezea kitanda.
Mbao za mninga, futi sita na inchi mbili,
chini droo ya sufuria, tanki la lita sitini lenye koki;
juu keria ya nondo, na turubai linalofunguka ubavuni
kama bawa la kuku anayeatamia.
Springi nikaongeza jani moja. Bomba la hewa likapanda hadi paani.
"Ili ifanye nini?"
Ili ilale nje.
"Mwalimu, si una nyumba?"
Ninayo.

Chini ya kiti, ndani ya mfuko wa nailoni,
nilikikuta kitabu cha safari. Nilijua kingekuwapo.
Mwandiko wa baba, umeinamia mbele kama mtu anayepanda mlima:
*Bahi hadi Makanda, maili 41. Pancha mbili. Nimelala porini.*
*Chenene, kupima kisima. Maji chumvi. Nimelala porini.*
*Farkwa. Mvua. Nimelala porini.*
Nikatafuta tarehe niliyozaliwa. Ipo.
*Springi ya nyuma kulia imekatika. Nimelala porini.*
Basi.

Mama sikumsomea.
Lakini Ijumaa ile ya kwanza ya kutoka, alfajiri,
nilimkuta ameshakaa kiti cha mbele,
Sechelela binti Chibago, miaka sabini na sita,
sweta limefungwa hadi kooni, kifurushi mapajani.
Hakusema anakwenda wapi. Nami sikumuuliza.

Mto Bubu ulikuwa mchanga mtupu.
Nikapunguza upepo wa tairi, nikaingiza gia nzito;
gari likazama, likanguruma, likajitoa.
Mama hakushika popote.
Tulipotua akachukua kikombe, akapiga magoti, akaanza kuchimba.
Tanki lina lita sitini, nikasema.
Akachimba hadi mchanga ukalowa, akanywa.

Usiku, baada ya ugali wa uwele na mlenda,
nikamwonyesha kitanda, godoro, chandarua, taa ya kubonyeza.
Akapapasa mninga, akausifu.
"Yeye alilala wapi?"
Nikaelekeza kidole: pale chini, kati ya magurudumu.
Akatandika khanga zake pale pale.

Nikalala juu peke yangu, macho wazi,
kitanda changu cha miezi saba kimenishinda upana.
Fisi akalia mbali, upande wa Bahi.
Kisha sauti ikatoka chini ya sakafu:
"Linavuja."
Oili, Mama. Ni sili ya gia boksi. Nitaibana kesho.
Kimya kirefu. Tone. Tone.
"Kumbe ndiyo hii," akasema,
"niliyokuwa naifua."