Edelmira Hakuzima Taa

Uwanja wetu wa Villa Coirón si uwanja:
ni kipande cha changarawe kati ya zizi la kondoo na mto,
na pande zote mbili Andes imeinama
kama majirani wanaotega sikio ugomvi wa nyumba.

Mchana milima ile tunaiita kwa majina.
Usiku usio na mwezi haina jina, haina hata weusi wake;
giza la jiwe na giza la anga ni kitambaa kimoja,
mshono hauonekani.

Nibaldo alikuwa anatoka Coyhaique,
injini moja, viti vinne,
dawa za kisukari, betri ya trekta,
na keki ya binti yangu, aliyekuwa anatimiza miaka tisa.
Alichelewa kwa sababu ya keki. Hilo nalo nalijua.

Saa ya kimo ilimwambia futi elfu tano
na haikudanganya. Ila saa ile huhesabu toka baharini;
ardhi ikijiinua njiani, yenyewe haina habari.
Upepo nao ulivuka kilele ukamwagikia upande wetu,
ukaishusha ndege taratibu
jinsi mtu anavyomlaza mtoto.

Alama yake ilikuwa moja: taa ya Edelmira,
mjane afumaye soksi hadi usiku wa manane,
dirisha la njano, la pekee bonde zima.
"Nikiiona, nimefika." Ndivyo alivyozoea kusema.

Saa tatu na dakika kumi redio ikakohoa.
"Edelmira kalala mapema leo."
Nikacheka. Nikamjibu, uzee huo.
Nikacheka, na huku dirishani kwangu,
ng'ambo ya mto,
taa ya Edelmira inawaka.

Naiona. Haijapepesa.

Haya, hesabu mwenyewe:
yeye haioni, mimi naiona,
kati yetu kuna nini?
Mtoto wa darasa la pili angejibu papo hapo.
Mimi nilichukua dakika nne,
kisha nikaita, nikaita,
ukarudi mkwaruzo tu.

Asubuhi walipanda kwa farasi.
Walirudi na bawa, na betri.
Keki sikuuliza.

Kanisani Edelmira hakutaka pole.
Alimshika kila mtu mkono: "Sikuzima.
Niambieni mnajua kwamba sikuzima."
Tunajua, wakasema. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Siku hizi kuna marubani vijana, wana ramani za rangi kwenye kioo.
Nawasumbua hata hivyo:
nyota zikipungua upande mmoja, usidhani ni wingu.
Taa uliyoizoea ikipotea
usiseme mwenyewe kalala.
Geuka. Maswali utauliza chini.

Kule ng'ambo bado inawaka,
hata mchana, hata kwenye jua la Januari.
Mafuta nampelekea mimi, dumu kila Jumamosi.
Hulipokea mlangoni, hunipa soksi,
na hajawahi kuniuliza
usiku ule nilikuwa natazama wapi.