Mto Mkono wa Kuume

Tulifika saa tatu, jua halijapata makali,
shemeji Bhaskar kabeba jiko la mafuta ya taa
kama aliyeazimwa mtoto wa watu,
na mavyaa Kusumbai nyuma, kapu kichwani:
“Puri sitini na tatu, nimezihesabu.
Nyani wa hapa wanajua hesabu kuliko ninyi.”

Narmada alikuwa amelala chali.
Rangi yake si buluu wala si kijani,
ni ile ya chupa ya dawa ukiinua mwangani.
Ngazi za mawe zinashuka, ya kumi na nne imezama.
Hapo watu huacha viatu, na masengenyo pia,
ingawa masengenyo huyaokota tena wakipanda.

Mavyaa aliingia mpaka kiunoni,
sari ikamvimba kama andazi.
Akachota kwa viganja, akaurudishia mto mali yake,
mara tatu, midomo ikicheza.
Sikuuliza. Dua ya mtu ni kama pochi yake.

Tukatandika shuka juu ya jiwe bapa.
Viazi vya bizari, achari ya ndimu iliyokaa juani tangu mwaka jana.
Redio ya jirani ilitangaza kriketi,
na kuhani hekaluni akapiga kengele harakaharaka
awahi matokeo.

Ndipo akaja yule mtu.
Nguo nyeupe iliyochoka, fimbo, kopo la shaba,
visigino vyenye nyufa za kuingia sarafu.
“Narmade Har,” alisema, akakaa pembeni ya shuka,
si ndani yake.
Alikula puri kumi na moja.
Nilizihesabu; ugonjwa wa mavyaa huambukiza.

“Unakwenda wapi?” mwanangu Tanvi akauliza.
“Nyumbani.”
“Ni wapi?”
Akanyoosha kidole ng’ambo:
“Paa lile la vigae, lenye maboga juu yake.”

Bhaskar akacheka, mafuta mdomoni.
“Mashua ile pale! Rupia ishirini, dakika sita!”
Mtu yule hakucheka, hakununa.
Aliapa, akatueleza, mto uwe mkono wake wa kuume
mpaka auzunguke wote:
ateremke nao hadi baharini, apande nao hadi chemchemi,
asiuvuke katikati hata kwa kuota.
Miezi kumi na tisa sasa.
Imebaki minne kufika pale kwenye maboga.

Saa sita mwanamke akateremka ng’ambo na beseni la nguo.
Mto ni mpana: mkono wake unapanda tena
ndipo kishindo cha pigo lililopita kinatufikia.
Mbili, kimya, moja.
Mbili, kimya, moja.
Yule mtu akaacha kutafuna.
“Ndiye,” alisema. “Hupiga hivyo. Bega la kushoto lina maumivu.”

“Mwite!” Tanvi akaruka.
“Nikimwita atapanda mashua. Yeye hakuapa.”
Akasuuza kopo lake, akalikung’uta muda mrefu
kuliko kopo linavyohitaji,
akashika njia, maji kuumeni,
shingo imekazana kama ya mtu aliyebeba mtungi uliojaa.

Hakuna aliyesema neno. Kriketi peke yake.
Kisha mavyaa yangu, ambaye hatoi hata chumvi bila kuuliza sababu,
akafunga puri tisa kwenye gazeti,
akateremka kwa mwenye mashua na noti ya ishirini.
“Mpelekee yule. Akikuuliza zimetoka kwa nani, hujui.
Mwambie tu kwamba mwenzake amekula kumi na moja.”

Tuliiangalia mashua ikipungua.
Tukaona mwanamke anasimama, nguo mkononi.
Hakupunga, hakuita.
Alikaa chini, akala akiwa ametazama upande wetu,
kisha akarudi jiweni:
mbili, kimya, moja,
na moja nyingine, ambayo haikuwapo mwanzo.

Jioni tulirudi kwa daraja.
Bhaskar alilivuka kwa dakika mbili, akipiga mluzi.
Mavyaa aligeuzia uso dirishani, kapu tupu mapajani.
Upindo wa sari yake ulikuwa bado unadondosha mto,
tone, tone,
juu ya sakafu ya gari.